Samaki 12 wamekufa usiku mmoja, vipimo vya maji vinasoma vizuri: naombeni tusaidiane kutafuta chanzo

Mfugaji_Tabata, Jumamosi saa 2:10 asubuhi

Wakuu, salaam. Naandika sijapata usingizi.

Nina tangi la lita 240 sebuleni, mwaka wa tatu huu. Samaki wote waliokuwamo ni wa Ziwa Tanganyika: Tropheus duboisi tisa na Neolamprologus brichardi watano. Wale duboisi nilitoka nao Kigoma wakiwa wadogo, weusi wenye madoa meupe. Nimewalea mpaka madoa yakafutika na ule mkanda ukajitokeza ubavuni. Kufikia alfajiri ya leo wamekufa wote tisa, na brichardi watatu.

Jana Ijumaa nilirudi kazini saa 2 usiku. Niliwasha taa ya tangi, nikawatupia chakula, hakuna aliyekuja. Hilo peke yake lilinishtua, maana duboisi hata ukipita mbele ya kioo bila kitu mkononi wanakusanyika. Saa 4 wakaanza kukimbia ovyo: mmoja anazunguka kama pia, mwingine analala ubavu kisha anafyatuka mpaka anagonga kifuniko. Hawakupanda juu kuhema. Saa 5 usiku akafa wa kwanza, na baada ya hapo nilikuwa natoa maiti kila baada ya dakika chache. Brichardi wawili waliokuwa wamejificha nyuma ya mawe niliwahamishia kwenye tangi dogo la chumbani. Mpaka sasa wanapumua, ila wamelala chini.

Vipimo vya matone vya saa 6 usiku: amonia karibu na sifuri, naitraiti sifuri, naitreti 20, pH 8.4, joto nyuzi 27. Mashavu niliyafunua, ndani ni mekundu ya kawaida. Mwilini hakuna kidonda wala ukungu. Konokono wapo wazima, wanatembea kwenye kioo kama hakuna kilichotokea.

Niligusa maji Jumatano: nilitoa asilimia 30, nikaongeza ya simtank (lile tangi la plastiki la kuhifadhia maji ya nyumbani). Chakula ni kilekile, na hakuna samaki mpya tangu mwezi wa tatu.

Nimekosea wapi?

Mkigoma, saa 2:41 asubuhi

Pole sana ndugu yangu. Duboisi tisa si hasara ya kusema nitanunua wengine kesho.

Swali langu la kwanza ni umeme. Je, ulikatika wiki hii? Nauliza kwa sababu niliwahi kuua tangi zima kwa filta ya kopo, ile inayofungwa. Umeme ulikata kwa muda wa saa saba. Wale bakteria wanaosafisha amonia wanahitaji oksijeni, na mle ndani maji yakisimama wanakufa na kuoza. Umeme uliporudi, pampu ikarudisha uozo wote tangini. Kwa hiyo siku hizi umeme ukikata kwa saa nyingi, namwaga maji ya filta kabla ya kuiwasha.

Tena joto la Dar nalo halisaidii. Maji ya nyuzi 30 hubeba oksijeni kama miligramu 7.5 tu kwa lita, hata ukiyachemsha kwa mapovu namna gani.

Mama_Gapi, saa 3:05 asubuhi

Pole kaka, nakusalimu kutoka Mombasa. Mimi naona ni klorini. Maji ya mfereji wakati mwingine huja na dawa nyingi hadi waisikia puani. Shirika la Afya Duniani linataka maji yamfikie mtumiaji yakiwa na klorini isiyopungua miligramu 0.2 kwa lita, ili vijidudu visirudi. Kwetu sisi binadamu hiyo ni salama, lakini shavu la samaki laungua kwa kiasi cha chini ya hapo.

Mimi huyaacha maji kwenye ndoo wazi siku nzima na jiwe la hewa ndani, ama natia thiosalfeti ya sodiamu, dawa ya kuondoa klorini. Wewe wayatoa simtank na kuyatia moja kwa moja?

Mfugaji_Tabata, saa 3:30 asubuhi

Asanteni wote.

@Mkigoma, umeme ulikata Alhamisi kwa saa nne, lakini situmii filta ya kopo. Nina filta mbili za sifongo zinazoendeshwa na pampu ya hewa. Ijumaa haukukatika kabisa.

@Mama_Gapi, klorini ndiyo niliyoifikiria mwanzo, ila kuna jambo linanisumbua. Lile tangi dogo la chumbani kwa mtoto, la gapi (vile visamaki vidogo vinavyozaa), nililibadilishia maji Jumatano hiyohiyo, kwa ndoo ileile, kutoka simtank ileile. Chakula ni cha kopo moja. Hata Alhamisi matangi yote mawili yalikosa umeme pamoja. Gapi wako salama, na leo asubuhi mmoja kazaa. Halafu klorini ingeua Jumatano jioni, isingengoja mpaka Ijumaa usiku.

Nimepima amonia tena sasa hivi, imepanda mpaka 1.0.

Perege_Morogoro, saa 3:52 asubuhi

Basi jibu unalo. Amonia 1.0 kwenye pH 8.4 ni sumu kali. Nafuga perege kwenye mabwawa, na kilichonifundisha ni hasara: kipimo cha matone kinasoma amonia yote, lakini inayoua ni ile sehemu isiyo na chaji. Kwenye pH 7.2 sehemu hiyo ni kama asilimia 1 tu. Kwenye 8.4, kwa joto la nyuzi 26 au 27, inafika asilimia 13 au 14. Ninyi wa samaki wa Tanganyika mnaishi ukingoni, kosa dogo linawaangusha. Badilisha nusu ya maji sasa hivi.

Fundi_Tangi, saa 4:20 asubuhi

USIMWAGE MAJI. Kabla ya kufanya lolote, chota lita mbili za tangi kubwa uziweke kwenye chupa za kioo, si za plastiki. Nitaeleza.

@Perege_Morogoro hesabu yako ni sahihi, ila angalia mpangilio wa saa. Saa 6 usiku, samaki wakiwa tayari wanakufa, amonia ilikuwa karibu sifuri. Imepanda asubuhi. Hiyo ni amonia ya maiti, na labda kuna mmoja amebaki nyuma ya mawe hajaonekana. Imekuja baada ya kifo.

Sasa tusome miili yao. Naitraiti ingekuwa imefanya mashavu yawe ya kahawia, maana inaharibu damu isibebe oksijeni. Yako mekundu. Kwa upungufu wa oksijeni, wangekuwa wamepanga midomo juu ya maji. Shaba ingeanza na konokono, na konokono wanatembea. Ugonjwa hauui kumi na wawili kati ya saa 5 na alfajiri bila dalili hata moja wiki nzima.

Kuzunguka kama pia, kulala ubavu na kufyatuka, hizo ni dalili za mishipa ya fahamu. Samaki wamekufa na konokono wamepona. Tangi la sebuleni limekufa na la chumbani limepona. Kwa hiyo maji hayana kesi, chakula hakina kesi, umeme hauna kesi. Kilichotokea kimetokea sebuleni, na kimetokea Ijumaa.

Nina maswali mawili. Pampu yako ya hewa imekaa wapi? Na Ijumaa kuna mtu alipuliza dawa ya mbu au ya mende humo sebuleni?

Mfugaji_Tabata, saa 4:48 asubuhi

Chupa nimeshajaza, za kioo. Na ni kweli, kulikuwa na brichardi mmoja chini ya jiwe, nimemtoa. Nilimhesabu kwenye wale watatu kwa sababu sikumuona popote.

Pampu ipo kwenye rafu ya chini ya meza ya tangi, karibu na sakafu. Kuhusu dawa, sikusikia harufu yoyote niliporudi. Na tangi lina kifuniko cha kioo, nimeacha upenyo wa vidole viwili tu nyuma wa kupitisha mirija. Hata kama mtu angepuliza, ingeingiaje?

Fundi_Tangi, saa 5:15 asubuhi

Ingeingia kwa mrija. Kifuniko kinazuia kinachoanguka kutoka juu, lakini pampu inavuta hewa ya chumba na kuisukuma ndani ya maji dakika kwa dakika, tena katika mapovu madogo yanayogusana na maji kila upande. Matone ya dawa ya kopo yanashuka chini, na wewe pampu umeiweka chini. Kama madirisha yalifungwa, saa moja inatosha.

Dawa nyingi za kopo tunazouziwa ni za jamii ya pairethroidi: saipamethrini, permethrini, deltamethrini na ndugu zao. Zinashikilia wazi milango ya sodiamu kwenye neva, neva inapiga bila kukoma. Mwili wetu unazivunja upesi. Samaki anazivunja polepole mno, na shavu lake limeumbwa kunyonya kila kilichomo majini. Kwa samaki wengi kiasi kinachoua huhesabiwa kwa maikrogramu kwa lita, sehemu ya elfu ya miligramu. Konokono wanazivumilia vizuri sana kuliko samaki, ndiyo maana wako hai.

Vipimo vya matone haviwezi kuiona. Ila kuna kipimo ambacho hata mtaani kwako kipo bure: viluwiluwi wa mbu.

Tafuta ndoo au tairi lenye maji yaliyosimama, chota viluwiluwi. Chukua glasi tatu za kioo. Ya kwanza weka maji ya tangi kubwa, ya pili ya tangi dogo, ya tatu ya simtank yaliyolala usiku mmoja. Tia viluwiluwi kumi kila glasi, wa ukubwa mmoja. Hesabu baada ya saa 24. Funika kwa kitambaa cha kanga kilichofuliwa wasije wakageuka mbu humo ndani. USITUMIE CHANDARUA. Vyandarua vyetu karibu vyote vina dawa hiihii, utaharibu kipimo chote. (Na yeyote anayesoma hapa ambaye anavulia samaki wa tangini kwa kipande cha chandarua kikuukuu, aache leo.)

Mtoto_wa_Mafinga, saa 6:02 mchana

Poleni. Mimi nimekulia Mafinga, pareto ikianikwa uani. Nataka kuongeza neno kwa sababu watu wakisikia dawa ya asili wanadhani haina madhara. Hizo pairethroidi ziliundwa viwandani kwa kuiga sumu iliyomo kwenye ua la pareto. Ya shambani inaisha nguvu upesi juani, ya kiwandani inadumu, lakini samaki inawaua zote mbili.

Tena wazee wa huko nyumbani walijua siku nyingi kwamba samaki ana mlango wake wa sumu. Utupa, mmea wenye sumu, ukipondwa na kutiwa mtoni samaki wanaelea, na watu waliwala. Sumu ya utupa ni nyingine, inafanya kazi kwa njia nyingine, na leo ni uvuvi haramu, ila njia ya kuingia ni ileile, shavuni.

@Fundi_Tangi nina wasiwasi na kipimo chako. Mbu wengi wa Tanzania sasa wana usugu kwa dawa hizi. Viluwiluwi wakipona si ushahidi kwamba maji ni safi.

Fundi_Tangi, saa 6:30 mchana

Sahihi kabisa, na nashukuru umelisema. Wakipona kwenye glasi ya kwanza hatutakuwa tumejua kitu. Wakifa kwenye ya kwanza tu na kupona kwenye nyingine mbili, hapo tutakuwa na la kusema. Ndiyo maana ya glasi tatu.

Mama_Gapi, saa 8:15 mchana

Kaka, neno moja la dadako. Ukienda kuuliza nyumbani nani kapuliza dawa, uliza kwa upole. Mtu akiona umekesha na maiti za samaki mezani, ataogopa kusema, nawe utabaki hujui. Kwangu mimi ni mwanangu aliyemwaga sabuni, nikajua miezi sita baadaye.

Mfugaji_Tabata, Jumapili saa 9:40 alasiri

Wakuu, matokeo ya saa 24.

Glasi ya tangi kubwa: kumi kati ya kumi wamekufa, wamelala chini. Kwa kweli nilipochungulia baada ya saa tatu walikuwa tayari wanajikunja ovyo.
Glasi ya tangi dogo: tisa hai, mmoja kafa.
Glasi ya simtank: kumi hai.

Niliziangalia hizo glasi kwa muda mrefu. Kisha nikafuata ushauri wa Mama_Gapi.

Tuna binti anayetusaidia kazi za nyumbani, yupo nasi mwaka wa pili, na mtoto wangu anampenda kuliko anavyonipenda mimi. Nilimkuta jikoni, nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia: samaki wamekufa na wamekwisha kufa, hakuna atakayelipa wala atakayefukuzwa, ila hawa wawili waliobaki nataka kuwaokoa na siwezi bila kujua. Alilia kwanza. Akasema Ijumaa saa 11 jioni aliona mende wawili nyuma ya sofa. Akafunga madirisha kama alivyofundishwa, akapuliza, akapuliza na chini ya meza ya tangi kwa sababu mende mmoja alikimbilia huko. Akamchukua mtoto wakaenda gengeni wasivute ile dawa. Walirudi saa 12 na nusu, akafungua madirisha yote. Mimi nimefika saa 2, harufu imeshaondoka.

Kwa hiyo alimlinda mwanangu, na tangi alilikagua akaona limefunikwa. Amekuwa akijiuliza tangu Jumamosi kama ni yeye, akashindwa kusema kwa sababu nilikuwa nimenuna.

Aliniletea kopo lenyewe. Ndani ni saipamethrini na dawa nyingine mbili. Nyuma kabisa, kwa herufi ambazo nilizisoma kwa tochi ya simu na kwa Kiingereza, imeandikwa kwamba kabla ya kupuliza funika matangi ya samaki na UZIME PAMPU YA HEWA. Kopo hilo nililinunua mimi. Nimekaa nalo ndani miezi minne. Yeye Kiingereza hasomi.

Tafadhali Fundi, nielekeze sasa namna ya kusafisha. Wale wawili wameanza kuogelea wima.

Fundi_Tangi, saa 10:25 alasiri

Umefanya jambo zuri kwa huyo binti, na umetupa sisi wote jibu.

Sasa kazi. Dawa hizi hazipendi maji, zinakimbilia kung'ang'ania kitu: sifongo, matope ya chini, gundi ya kioo, mirija. Kwa hiyo kubadilisha maji peke yake hakutoshi.

Mrija wa hewa, mawe ya hewa na vali, tupa vyote, ni vya bei ndogo. Pampu ifungue uondoe kile kichujio kidogo cha kitambaa chini yake, uifute, uiache iendeshe nje barazani siku mbili. Nyonya uchafu wote wa chini, badilisha maji kwa asilimia 80, kesho tena nusu. Kisha weka mkaa maalumu wa filta, ule wa punje, si mkaa wa jikoni. Huo unanasa pairethroidi vizuri. Uache wiki moja, utupe, uweke mpya wiki nyingine. Maji unayotoa usiyamwage kwenye mfereji unaoingia mtoni wala bwawani, mwaga kwenye udongo mkavu mbali na kisima.

Sifongo ndiyo huzuni, kwa sababu bakteria wako wa miaka mitatu wamo humo, lakini na dawa imo. Mimi ningezitupa zote mbili. Chukua sifongo ya tangi la gapi, ikamulie kwenye sifongo mpya. Utaanza na mbegu badala ya kuanza na sifuri. Hata hivyo hesabu wiki kadhaa za kupima amonia kila siku, na kwa pH yako usiruhusu ifike hata 0.25 kukiwa na samaki.

Kabla ya kurudisha samaki, rudia viluwiluwi.

Mkigoma, saa 11:50 jioni

Wale brichardi msiwaweke na gapi kwa muda mrefu, watawatafuna vitoto. Na pampu ukiipeleka barazani kuvuta hewa ya nje, iweke juu kuliko usawa wa maji, au weka vali ya kuzuia maji kurudi. Umeme ukikata maji yanarudi kwa mrija mpaka kwenye pampu, na kutoka pampu mpaka kwenye soketi.

Mfugaji_Tabata, wiki tatu baadaye

Wakuu, narudi na taarifa.

Nilifuata kila hatua. Jaribio la pili la viluwiluwi, siku ya tano: wanne kati ya kumi walikufa. Nilivunjika moyo, nikabadilisha mkaa na maji tena. La tatu, siku ya kumi na mbili: wote hai kwa saa 48, glasi zote tatu sawa. Amonia ilipanda siku za mwanzo mpaka 0.5 nilipokuwa naitia kidogokidogo kwa chakula, sasa ni sifuri kwa siku sita mfululizo.

Pampu iko nje ya dirisha la barazani, juu, ndani ya kikasha chenye matundu, na vali imefungwa. Dawa ya kopo haiingii tena sebuleni. Kwa mende tunatumia ile ya jeli ya kupaka kwenye pembe za kabati za jikoni, mbali na tangi, na binti ndiye anayeisimamia. Nimembandikia kwenye meza ya tangi karatasi ya Kiswahili yenye mambo ya kuzima na kufunika, ingawa alicheka akasema hahitaji kusomewa tena.

Brichardi wawili nimewarudisha juzi. Siku ya kwanza walijificha. Jana mmoja alichimba mchanga chini ya jiwe la kushoto, palepale alipokuwa akiishi zamani. Leo asubuhi mtoto aliwatupia chakula na wote wawili walipanda.